Jiwe la Akina Dietz

Kila Aprili, theluji ikishayeyuka, mashamba ya kando ya barabara kuu yalitema mawe. Wenyeji waliyaita mavuno ya kwanza. Barafu nene iliyowahi kuifunika nchi hiyo zama za kale ilipoondoka iliacha vilima vya mviringo, mashimo yaliyogeuka vidimbwi, na mawe yasiyokwisha. Wenye magari walipunguza mwendo ili wavipige vilima picha. Verna Dietz hakuwahi kuvipiga picha. Kwa miaka arobaini na sita alikuwa akiokota mawe na kuyarundika penye ua.

Mwaka huo aliokota peke yake. Harlan, mumewe, alikuwa amezikwa Novemba iliyotangulia. Duane Kessler, jirani, alikubali kulikodi shamba apande mahindi, kwa sharti moja.

"Mama, mashine yangu ya kupandia ni pana kama kanisa," alisema. "Lile jiwe la katikati litoke. Lisipotoka, mahindi sipandi."

Bila kodi ya shamba Verna asingeweza kubaki kwenye nyumba. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelitaja.

Jiwe lilichomoza kiasi cha meza ndogo. Tangu enzi za babu yake Harlan, wanaume wa ukoo huo walilizunguka kwa plau. Verna siku zote alidhani ni uvivu. Akachukua sururu.

Siku ya pili akaja Ardis, dada yake Harlan, na chupa ya kahawa.

"Wifi, unamzika nani tena?"

"Nachimbua jiwe la kwenu."

"Babu alilizunguka. Baba alilizunguka. Kaka yangu naye, na ubishi wake wote. Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyebaki. Mimina kahawa, au shika koleo."

Ardis alishika koleo, akiulalamikia mgongo wake.

Kadiri walivyochimba, jiwe lilipanuka. Shimo lilipofika kiunoni walikuta kichwa cha sururu kilicholiwa na kutu, cha zamani sana. Chini kidogo, koleo la Verna likagonga kitu chepesi. Kilikuwa kifuniko cha plastiki cha kijani, cha chupa ya kahawa ya Harlan, kile alichosema amekisahau kwenye mnada wa ng'ombe mwaka aliozaliwa binti yao.

"Kumbe naye alichimba," Ardis alisema.

"Na akafukia."

"Akaona haya. Sisi ndivyo tulivyo."

Verna alikifuta kifuniko kwa kidole gumba.

Siku ya tatu Duane alikuja na trekta na mnyororo. Alilizunguka shimo mara mbili, kisha akaurudisha mnyororo kwenye trekta.

"Hili si jiwe, mama. Hiki ni kilima kingine, kimezama."

"Basi hulitaki shamba."

Duane alitazama barabarani, ambako familia moja ilikuwa imesimama kupiga picha.

"Kwa mahindi, hapana. Panda nyasi za ng'ombe, nitakuja kukata. Mashine ya kukatia ni ndogo, inazunguka. Ila kodi itakuwa nusu."

Verna alipiga hesabu kichwani. Ghorofa ya juu ingefungwa, na jiko la kuni lingepasha joto jikoni tu.

"Njoo Juni," alisema.

Duane alipoondoka, Verna alikirudisha kifuniko pale alipokikuta, akaanza kufukia. Ardis alimimina kahawa iliyobaki na kumsogezea kikombe.

"Angalau wewe tumekuona ukichimba, wifi," alisema.