Harufu ya petroli kwenye gari la marehemu baba: tulivyosaka leak hadi chini ya kiti

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Hii stori sijaitunga. Mama akijua nimeiweka hapa nimekwisha, lakini wacha niiseme.

Baba alituacha mwaka jana. Alituachia shamba la majani chai huko Othaya na station wagon nyeupe ambayo nadhani aliipenda kuliko sisi watoto.

Gari hilo lilinuka petroli. Si kwa nje, ndani kabisa, tangu niko shule ya msingi. Koti la baba lilinuka petroli. Biblia yake ilinuka petroli. Hata mkate aliotuletea Jumamosi ulikuwa na harufu hiyo na tuliula hivyo hivyo, tena kwa kugombania.

Tukimwambia apeleke kwa fundi, jibu lilikuwa moja tu: "Hii gari ni mzee kama mimi. Wacheni inuke."

Jamani, nimeikosa sauti hiyo. Kuna watu hulia wakisikia wimbo fulani. Mimi hulia nikijaza tanki, na wahudumu wa pampu wanadhani ni bei.

Basi baada ya mazishi, mimi kama binti wa kwanza nikawa dereva wa mama. Kila Jumapili natoka Nyeri mjini, nafika nyumbani, nampeleka kanisani. Akiingia tu, anafunga mlango, anavuta pumzi ndefu na kusema, "Mzee ako hapa." Na mimi nilikuwa namsikia.

Tatizo likaja Jumapili moja ya jua kali. Nilikuwa nimejaza tanki, na ile milima ya kwetu mnaijua. Tukafika kanisani mama ameshika kichwa, akatapika pale langoni mbele ya akina mama wenzake. Nesi mmoja muumini akafungua mlango wa gari, akanusa, akaniuliza kama nataka kumzika mama pia.

Nikamwambia mama gari linaenda garaji.

"Ukitoa hiyo harufu, umenitolea mzee," akasema. "Tengeneza. Lakini mimi sitaingia hiyo gari tena."

Wakuu, hammjui mama yangu. Huyu ni mtu aliyegombana na jirani juu ya kuku, na mpaka leo wanapitana kama miti. Nikajua nikitengeneza gari nimepoteza zile Jumapili zetu, na nisipotengeneza naweza kumpoteza yeye mwenyewe. Niliumia sana, lakini nikachagua awe hai akiwa amenuna.

Fundi ni Wachira, tulisoma pamoja, ana garaji ndogo upande wa Ruring'u. Mama alikuja kwa matatu kusimamia, akakaa kwenye benchi kama mtu anayengoja mgonjwa atoke theatre.

Wachira akaangalia chini ya gari. Kukavu, hakuna tone. Akasema kama petroli haidondoki lakini inanuka, hasa tanki likijaa na gari likipanda mlima, basi ni mvuke unaotoroka. Akalaumu fuel cap, kile kifuniko cha tanki, mpira wake ulikuwa umekauka. Tukanunua nyingine, tukazunguka hadi King'ong'o na kurudi. Harufu iko pale pale. Nikamcheka, naye akanuna.

Ndipo akaazima mashine ya moshi kwa mwenzake. Kazi yake ni kusukuma moshi kwenye mipira inayopitisha mvuke wa tanki, halafu mnangoja kuona utatokea wapi.

Ukatokea kwenye kiti cha nyuma.

"Ngai!" Mama akasimama. "Kiti inaungua!"

Wachira akazima mashine, akang'oa kiti. Chini yake kuna kifuniko cha kufikia pampu ya petroli. Kilikuwa kimeachwa wazi upande mmoja, na mpira wa mvuke ulikuwa umebanwa na kitu mpaka ukapasuka. Akaingiza vidole, akatoa kimkebe cha bati.

"Hii si ya gari," akasema.

Mama akakichukua, akafungua, akanusa. Akapiga chafya ya kutikisa mabati.

Ugoro.

Wakuu, baba alipookoka alisimama mbele ya kanisa zima akatangaza ameacha ugoro, na mkebe ametupa mto Gura. Tulipigiwa makofi familia nzima! Na kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akirudi kwenye gari peke yake, anakaa nyuma, ati anasoma Neno kidogo. Sisi tunangoja nje kwa heshima. Harufu ya petroli ilikuwa ikimfunikia ya ugoro.

Mama alimwangalia Wachira, akaniangalia mimi, halafu akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mazishi. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso, na sijui ni wapi kicheko kiliishia na kilio kikaanza.

Wachira akaweka mpira mpya, akafunga kifuniko vizuri. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kumbembeleza mama, kumbe ameshaingia mwenyewe, kiti cha mbele, mkebe mkononi. Ndani hakukuwa na harufu yoyote ya petroli.

Tulikuwa karibu kufika nyumbani.

"Si angeniambia tu," akasema. "Ningekuwa nikimnunulia."

Funzo, wakuu: ukisikia petroli ndani ya gari usiizoee, hata kama umeipenda. Anza na fuel cap, halafu mipira ya mvuke, na ung'oe kiti cha nyuma. Usivute sigara hapo ukitafuta.

Na nyinyi ambao wazee wenu walitangaza wameacha, hebu semeni hapa chini: walikuwa wakificha wapi?