Jina Nililotoka Nalo Porini

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua hapa Beni, mwanangu, tulipopangwa mstari kambini ili turudishe bunduki. Nilikuwa kijana, nimetoka porini na wenzangu, nanuka moshi na kujiona mtu mkubwa. Mama yangu alikuwa ameshuka kutoka Butembo juu ya lori la viazi kuja kunichukua. Ndani ya kitenge chake alikuwa amefunga diploma yangu ya sekondari, kwa sababu alisikia kwamba wanaoacha silaha wakiwa na diploma watalipiwa masomo ya chuo mpaka mwisho. Mimi nilitaka kuwa daktari wa mifugo. Hamu hiyo haikunitoka hata nilipokuwa nabeba silaha.

Zamu yangu ikafika. Mwandishi aliyekaa mezani, mtu aliyetumwa kutoka mkoa mwingine, akauliza, "Jina yako ni nani?"

"Radi," nikasema.

Ujue kwamba porini hakuna aliyetaja jina la nyumbani. Tuliogopa adui asije akawafuata wazazi. Basi kila mtu alijipa jina la vita, na langu nililipenda mno. Kambale, jina nililozaliwa nalo, niliona ni la kila mtu. Kwetu Wanande mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale, na ukiliita sokoni Butembo, nusu ya vijana watageuka. Radi alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja ni mimi. Upuuzi wa ujana huo.

Mama akanivuta shati. "Kambale, mwana wangu, sema jina yenye nilikupatia."

"Mama, acha. Huku banajua Radi."

Wenzangu wakacheka. Mama akakaza fundo la kitenge chenye diploma, mvua inamnyeshea, na mimi nikapokea kadi yenye jina la Radi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Baadaye nilipeleka kadi na diploma kwenye ofisi ya mradi uliolipia masomo hayo. Mwanamke aliyenipokea pale akavitazama, akavitazama tena. "Lakini ndugu, hapa ni Radi, hapa ni Kambale. Hii ni batu babili." Kwake nilikuwa watu wawili, lakini hakuwa mtu mbaya. Akaniambia nilete mwenzangu wa porini athibitishe kwamba Radi na Kambale ni mtu mmoja. Ndugu wa damu hawakukubaliwa, maana wengi walikuwa wakileta ndugu wa kuwadanganyia.

Nikamleta Chuma. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni siku nilipopigwa risasi ya mguu, na tulikula sahani moja miaka yote ya porini. Akaulizwa baba yangu ni nani, nilizaliwa kijiji gani, nyumbani naitwaje. Akanitazama, machozi yakimlengalenga.

"Miye najua Radi," akasema. "Kambale, simujue."

Na palepale, mwanangu, nikatambua kwamba hata mimi sikulijua jina lake la nyumbani.

Nafasi yangu akapewa mwingine. Nikabaki kubeba magunia ya kakao ya watu mpaka mgongo ukagoma. Mama hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alifariki akiwa bado anaitunza ile diploma. Najuta, mwanangu, sina namna nyingine ya kusema.

Sasa nasikia wewe uliyetoka porini juzi wenzako wanakuita Chui, na ukiitwa hivyo unageuka upesi. Sikucheki. Jina hilo limekulinda huko ulikokuwa. Lakini ukifika mezani, liache pamoja na bunduki. Taja jina lililo kwenye diploma yako, taja la baba na la kijiji, hata wenzako wakicheka mpaka wachoke. Wakishacheka watakwenda zao, na wewe utakwenda chuoni. Tena leo hii mtafute rafiki yako mmoja, mwambie unaitwa nani kwenu, na umwulize na yeye.

Nenda na amani ya Mungu. Akupe usingizi usio na milio ya risasi, akupe na moyo wa kukaa darasani na watoto wadogo kwako bila kuona haya. Usome mpaka mwisho. Na siku watakapoliita jina lako mbele ya watu, mama yako awe hai, amekaa mbele kabisa, apige vigelegele.