Maziwa ya Kibuyu Kilichouzwa

Bibi yangu alisafiri kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam akiwa amepakata chupa ya maziwa mgando. Kila basi liliposimama alilegeza kizibo ili maziwa yapumue. Hayakuwa ya kunywa njiani. Yalikuwa ya kibuyu.

Kibuyu chenyewe alikirithi kwa mama yake. Kwetu kibuyu cha kusukia maziwa hakimalizwi. Ukimimina, unabakiza kidogo chini, na hayo ndiyo yanayogandisha ya kesho. Kwa hiyo ndani ya maziwa tuliyokunywa utotoni kulikuwa na tone la mama yake Bibi, mtu ambaye hakuacha hata picha moja.

Kisha biashara ikaachiwa huru. Walikuja wanunuzi binafsi wa pamba na mizani zao, na nyuma yao wanunuzi wa vitu vya zamani. Siku moja Bibi akiwa shambani, mjomba alimimina maziwa kwenye sufuria, akabadilisha kibuyu kwa redio. Bibi hakugombana naye sana. Aliyahamishia maziwa kwenye chungu, akawa anayaendeleza, akisema yanangoja nyumba yao.

Mimi nilikuwa nasoma Dar. Likizo moja nikamwambia nimeona kibuyu kama chake katika jumba la makumbusho.

"Kina mshono?" aliuliza.

Chake kiliwahi kupasuka mgongoni, mama yake akakishona kwa nyuzi za katani. Kile cha makumbusho kilikuwa kimeupa ukuta mgongo, sikuweza kujua. Basi akaja kujionea mwenyewe.

Siku hiyo kulikuwa na maonyesho ya picha za rangi. Bibi alisimama mbele ya ng'ombe wa buluu waliojaa ukuta mzima.

"Hawa wana kiu. Mchungaji yuko wapi?"

"Mchoraji hakumchora, Bibi."

"Basi watapotea."

Picha iliyofuata ilikuwa duara juu ya duara. Aliinamisha kichwa, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Hii ni nini?"

"Si kitu. Ni rangi tu."

"Na rangi si kitu? Shule wanawafundisha nini?"

Ningeweza kumfuata hivyo kutwa, nikitazama anavyotazama. Lakini kibuyu kilikuwa chumba cha pili, kwenye kabati la kioo, na tulipoingia humo msimamizi wa chumba akaiona chupa.

"Bibi, chakula hakiruhusiwi humu."

"Si changu. Ni cha huyo," alisema, akionyesha kabati kwa kidevu.

Msimamizi aliijua lafudhi yake, akacheka. "Wasukuma! Mmemaliza kunywesha ng'ombe, sasa mnanywesha makumbusho?"

"Wewe Mzaramo?"

"Wa hapa hapa."

"Nilijua, kwa mdomo huo. Haya, mtani, kigeuze nione mgongo wake."

Wasukuma na Wazaramo ni watani wa jadi, na mtani akikuomba mbele ya watu, kumnyima ni aibu. Msimamizi alitazama mlangoni, akatoa funguo.

"Usiguse, Bibi. Nitagusa mimi."

"Kinuse kwanza. Kinanuka moshi?"

Aliingiza pua mdomoni mwa kibuyu. "Dawa ya mende."

Bibi alikunja uso; kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kufukizwa moshi. Kibuyu kiligeuka polepole mikononi mwa yule mtu. Mgongo ulikuwa laini kama yai. Hapakuwa na mshono.

"Si chenyewe," Bibi alisema.

Nilidhani atalia. Badala yake aliinama zaidi, akauliza kilikuwa cha nani. Msimamizi hakujua.

"Chetu hakijafika huku," Bibi alisema hatimaye. "Labda kuna mtu anakisukia."

Msimamizi alipopata mapumziko, tulikaa watatu kwenye ngazi za nje tukayanywa maziwa kwa kikombe kimoja. Mtani alifumba macho kwa uchachu wa maziwa.

"Haya yana umri gani?"

"Yamekuzidi. Yaamkie."

Nilipotaka kumimina yaliyobaki, Bibi alinishika mkono. Akafunga kizibo, chini kukiwa na kimo cha kidole, akaipakata chupa. Kesho yake alikuwa na safari ya kurudi Bariadi.