Kipi Kilitangulia, Mwito au Kifo

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, na likizo hii dada alimleta kwetu Chonyonyo nimfundishe Kiingereza. Angempeleka kwa nani mwingine? Katika ukoo wetu mtu mzima anayepatikana nyumbani saa zote ni mimi. Kwenda sokoni Kayanga tu huwa naaga kama naenda ng'ambo.

"Mjomba, wewe Kiingereza ulipata ngapi?"

"Fungua daftari."

"Basi ulifeli."

Tulikaa barazani, mama akimenya ndizi kando yetu. Somo lilikuwa la mambo mawili yaliyopita. Nikamweleza: yote yamekwisha, ila moja lilitangulia. Lililotangulia unalivisha "had", lililofuata unaliacha hivyo hivyo. Ukisema ulifika na gari likaondoka, maana yake uliliona linaondoka. Likishavaa "had", ulikuta vumbi tu.

"Wewe mjomba ni mtu wa vumbi."

Mama hakucheka. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya ndizi.

"Hicho Kiingereza chenu kinaweza kumwambia mtu kipi kilitangulia?"

"Hapana, mama. Lazima ujue mwenyewe kwanza, ndipo uandike."

"Basi hakina faida."

Nilijua kinachomsumbua. Jirani yetu, rafiki yake tangu wote wawili wakiwa maharusi, alikuwa amefariki majuma machache nyuma. Mchana wa siku aliyofariki mvua ilikuwa imeshaanza, mama yuko uani anaanua kahawa, akasikia jirani anamwita kutoka migombani. Mara moja tu. Huku kwetu ukiitwa na mtu usiyemwona, huitiki mpaka aite tena; mfu, wanasema, haiti mara mbili. Mama akasubiri. Hakuitwa tena. Mvua ilipokata na bati kunyamaza, tukasikia kilio upande ule. Tangu hapo mama alikuwa halali vizuri. Huenda mwenzake aliita akiomba msaada, akakosa wa kumwitikia, ndipo akafa.

"Nenda kamuulize mke wa mwanawe," akaniambia.

"Mimi?"

"Mwalimu hapa ni nani?"

Migomba iliyo kati ya nyumba zetu mbili imefungamana, hata jua likiwaka chini kuna giza la jikoni. Nilipita nikikohoa kwa nguvu, yeyote mwenye nia ya kuniita ajue nina shughuli. Nilimkuta mke wa mwanawe anapepeta maharage. Nilipouliza kipi kilitangulia, mvua au kifo, hakushangaa.

"Tulimkuta uani, ameshapoa. Tukambeba, tukamlaza ndani, ndipo mvua ikaanza. Hata kanga yake ilikuwa kavu."

Nilirudi mbio kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Nikawaeleza. Mpwa wangu akashika kalamu, safari hii bila utani.

"Kwa hiyo kifo ndicho kinavaa 'had'."

"Ndicho."

"Kumbe sikumwacha," mama akasema. Mabega yake yakashuka. "Sikumwacha mwenzangu." Akacheka kidogo, akatuagiza tumsogezee sufuria, na mimi nikaanza kujiona mwalimu kweli. Kisha yule mtoto akauliza jambo ambalo mimi nilikuwa nalikimbia migomba yote ile.

"Sasa bibi, aliyekuita kwenye mvua ni nani?"

Mama akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.

Siku hizi anaitika kila kitu. Mbuzi akilia, anaitika. Mlango ukigongwa na upepo, anaitika.

"Mama, sasa hata mbuzi?"

"Afadhali mbuzi anicheke."

Jana mawingu yalishuka ghafla, tukakimbilia uani wote watatu kuanua kahawa. Matone ya kwanza yalipogonga bati, mama akainua kichwa akatazama migombani.

"Naam," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia jirani akimwita. "Nakuja."

Mimi na mpwa wangu tukatazamana. Hatukuwa tumesikia kitu. Tulipogeuka, mama alikuwa ameshaweka ungo wa kahawa chini, ameshika njia ya migombani.