Nilivyoivunja Ndoa ya Papa Deo kwa Gitaa

Nikiri kabisa, maana najua mtanicheka tu: mimi, mtoto wa Morogoro, nilivunja ndoa ya watu Brussels, Jumapili mchana kweupe, nikaiunganisha mwenyewe baada ya dakika mbili, na ndoa yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote.

Mnajua napiga blues, ule muziki wa mtu kulalamika huku gitaa likimwitikia. Mwaka jana nikapata ziara ya miji sita ya Ulaya, na Brussels nikafikia Evere kwa Papa Deo na mkewe Maman Espérance, watu wa Bukavu, wema kupita kiasi (walinipa chumba chao wao wakalala sebuleni, na nilipokataa Maman akanuna). Sasa asubuhi ya onyesho Papa Deo akanivuta pembeni, akasema kwa aibu kwamba ameishi Ubelgiji miaka thelathini, wenzake wote wameshatajwa kwenye nyimbo, yeye bado. Kwa Wakongo hilo si jambo dogo, mwanamuziki akikutaja ukumbini umeheshimika mpaka kwenu. Aliomba mara moja tu. Nikamwambia Papa, hesabu hilo limekwisha.

Ukumbi ulikuwa karibu na Chaussée de Wavre, umejaa watu wa Kivu, Papa Deo yuko mstari wa mbele na suti ya bluu, kiti cha pembeni yake kitupu kwa sababu Maman Espérance alibaki jikoni anatupikia chakula cha baada ya onyesho. Nikapiga wimbo wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba, jina nimelisahau kabisa. Nilikumbuka nikiwa katikati ya wimbo wa mwisho, nikamwona mzee wa watu amekaa wima anasubiri, nikamhurumia. Mtu mwenye akili angemaliza wimbo, amsalimie kwa kipaza sauti, basi. Mimi nikaona pale gitaa linapojibu pana nafasi, jina linakaa sawasawa, nikalitia.

Tatizo ni wimbo wenyewe. Unasema nimerudi kutoka kazini kabati tupu (Papa Deo wa Evere!), mke ameondoka hata kuaga hakuaga (Papa Deo wa Evere!), na sufuria zote kabeba (Papa Deo, baba yangu!).

Watu wakamtazama Papa Deo, wakakitazama kile kiti kitupu, wakatazamana, na mama mmoja aliyekuwa akirusha onyesho moja kwa moja kwa simu akaigeuza kamera taratibu mpaka kwenye kiti. Nikajiambia rekebisha, rekebisha haraka, na badala ya kufunga mdomo nikaimba kwa nguvu zangu zote kwamba Maman Espérance amerudi, jamani amerudi nyumbani, na hapo hapo mlango ukafunguka akaingia Maman Espérance mwenyewe, katoka kushuka kwenye basi, kakumbatia sufuria mbili za sombe, kile kisamvu cha kwao.

Sijawahi kushangiliwa vile tangu nianze muziki. Vigelegele vikapigwa, kina mama wakamkimbilia, mmoja analia kabisa, pasta mmoja akashika mkono wake na wa Papa Deo akaiombea ndoa palepale, na yeye maskini anatabasamu akidhani watu wamefurahia sombe.

Hajafunua hata sufuria, simu yake ikaita. Alikuwa mama yake mzazi, Bukavu, ameshaona yote. Maman Espérance akasikiliza, akanitazama, akanikabidhi simu.

"Mutoto yangu, uliimba kama nimerudi. Bon, ambia mama nilikuwa nimeenda wapi."

Nilikusudia kusema ukweli, haki ya Mungu, ila yule bibi hakunipa nafasi, alikuwa analia na kunibariki, mimi na gitaa langu na kizazi changu, kwa kumpatanisha binti yake na mumewe. Nikajibu amina. Na Maman Espérance aliisikia hiyo amina.

Chakula nilipewa (kwa Maman Espérance hunyimwi chakula hata ukiwa umeua), lakini bila neno. Kesho yake wageni wakamiminika Evere kuwapongeza, na mama wa watu akaingia tena jikoni kuwapikia, anapongezwa kwa kurudi kutoka safari ambayo hakuwahi kwenda. Nikamwendea Papa Deo kumwomba radhi, nimeona aibu mpaka macho yananiuma. Alikuwa kwenye kochi anatazama ile video, na kila jina lake likipita anairudisha nyuma kidogo.

"Ulifanya mubaya sana," akasema. "Mais jina yangu, ilitoka muzuri."

Tangu siku ile simtaji mtu kwenye wimbo, hata anipigie magoti. Anayeachwa kwenye nyimbo zangu ni mimi mwenyewe, kwa jina langu kamili, kabati langu na sufuria zangu. Nikadhani hapo nimepona. Juzi shangazi yangu kampigia mke wangu simu, anamuuliza siku hizi amehamia wapi.