Sauti Kutoka Ghalani

Miaka ile ya Zaire nilikuwa asistanti sosiale, yaani ofisa wa serikali wa ustawi wa jamii, mjini Kolwezi. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata wasichana walioachishwa shule vijijini na kuwabembeleza wazazi wao. Mimi mwenyewe nilizaliwa Kapata, kwenye nyumba za kampuni ya migodi, na kijijini kila mtu aliona kuwa mimi ni wa mjini kabla sijafungua mdomo.

Siku moja nilishuka treni Mutshatsha, nikatembea hadi kwa msichana mmoja aliyesifiwa sana na mwalimu wake kwa hesabu. Baba yake alikuwa amemtoa shule akalime. Nilimkuta mzee ameketi mlangoni, kama mtu aliyepata habari zangu mapema.

"Karibu, mama. Lakini mutoto haiko. Alienda mbali, ku Sandoa, kwa shangazi yake."

"Alienda lini, tata?" nikauliza, nikimwita baba kwa heshima.

"Zamani," akajibu, macho pembeni.

Treni ya kurudi ilikuwa bado. Nikaketi, watoto wakanizunguka, nami nikaanza kuwauliza hesabu.

"Saba mara nane?"

Wakaanza kuhesabu vidole. Mzee akawaonea huruma, akajibu kwa sauti ya mkubwa: "Makumi tano na ine!"

"Hapana, tata! Makumi tano na sita!"

Sauti ilitoka juu, ndani ya ghala la mahindi.

Mama wa msichana, aliyekuwa akitwanga uani, aliuachia mchi, akashika ukuta kwa kicheko. Mimi nilijitahidi kubaki na uso wa serikali, nikashindwa.

"Tata, kumbe Sandoa iko karibu hivi?"

Mzee alijifunika uso kwa kofia, mabega yakitetemeka. "Shuka, mutoto."

Akashuka, nywele zimejaa makapi, bado amekasirikia lile jibu.

"Unaona?" mzee akaniambia. "Shule inamufanya mubishi."

"Mubishi iko tayari," mkewe akasema. "Aende abishane na balimu."

 Tukakubaliana: atasoma na kulala shuleni Kolwezi, likizo atarudi kuvuna.

Mwaka wa shule ulipoanza, mzee alikuja Kolwezi mwenyewe, na binti yake, na mtoto mdogo wa ndugu yake pia.

"Nimebaleta mi mwenyewe," akasema. "Usikuje tena kwetu, mama. Batu bananicheka mpaka leo."

Nilifurahi hata nikasahau kumpa kiti. Yule mdogo alikuwa ameshaanza kumlilia mama yake, nikaenda kumtafutia karanga.