Kabla ya kupeleka ramani mipango miji: siku tuliyombeba bibi akiwa mzima

Wakuu, heri kwenu. Vijana najua mtaniamkia, basi marahaba, nimeshaitikia.

Nimesoma uzi wa kijana wetu aliyerudishiwa ramani na watu wa mipango miji, anailaumu dunia nzima. Ngoja niwape ya kwetu Makorora, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Sitii chumvi, kwa umri huu ya nini?

Baba alipata ploti. Akachoresha ramani kwa fundi: duka kwenye kona ya mbele, kwa hiyo korido ikapinda kulikwepa.

Alitaka aipeleke ofisini siku ileile. Baba alikuwa mtu wa haraka, hata chai alikunywa amesimama.

Mama akagoma. Alitaka kumleta mama yake, aliyekuwa akiishi peke yake kijijini Kigombe na macho yameanza kufifia. Bibi naye hataki mjini. Shoga yake alifia huku, jeneza likashindwa kupinda koridoni, likapitishwa dirishani kama gunia la nazi.

"Njia ya kuingilia nitaiona mwenyewe," alisema bibi. "Nionyesheni ya kutokea."

Basi mama akasema, kabla ya kuomba kibali tukawaulize kwanza wenye mji kule ofisini. Na kabla ya kuuliza, tuijue nyumba yetu wenyewe.

Tukapiga vigingi, tukavuta kamba za katani, tukaichora nyumba nzima pale chini kwa ukubwa wake halisi. Bibi akaja kukagua. Akaagiza kitanda cha kamba, akajilaza. Mama anamwambia unajichuria kifo, yeye kafumba macho.

Wajomba zangu watatu na mimi tukambeba. Nilishika mbele, kulia. Kufika kwenye kona, hatupiti.

"Mmekanyaga ukuta," bibi akasema, macho bado kafumba. "Rudini."

Tulicheka mpaka ikabidi tumtue. Baba peke yake hakucheka.

Kesho yake wazee wangu wakaenda ofisini, nikawafuata. Bwana ramani alikuwa Mzungu mpole, Kiswahili anakijua. Akauliza tunataka nini hasa. Baba kabla hajafungua mdomo, mama kajibu: korido iliyonyooka.

Akatandaza ramani ya mtaa. Kumbe ploti yetu ilikuwa ya makazi tu, duka haliruhusiwi! Ramani ya baba ingerudi hivihivi. Ila nyuma palikuwa na uchochoro, na mlango wa uani ungeweza kufungukia huko.

Duka likafa, korido ikanyooka. Baba alinuna njia nzima, kisha akaomba angalau barazani pawe papana. Akapewa. Na miaka yote, akinywa kahawa pale na wenzake, alikuwa akijisifu kwamba korido ile ni wazo lake.

Kibali kilitoka bila matata, bibi akahamia. Aliishi nasi miaka mingi, akigombana na baba asubuhi, jioni wamepatana.

Siku yake ilipofika, nilishika palepale, mbele, kulia. Tukatoka moja kwa moja, hakuna aliyesema inua wala geuza.

Mama alikuwa mlangoni analia. Nilipompita akanishika mkono.

"Hamkukanyaga ukuta," akasema, na katikati ya machozi akacheka.

Kwa hiyo kijana, wale wa mipango miji waendee mapema, ukiwa huna haraka. Ila kwanza ujue nyumba unamjengea nani.

Nyumba bado ipo, naandikia hapa barazani. Haya, na nyie semeni: korido za kwenu zinapitisha?